Kona ya Juu Kushoto

Ninyi vijana mnaopita hapa kwangu Katindiuka na hedfoni shingoni mna swali moja msilochoka nalo. "Mzee Kambale, kwa nini klabu zote zina mashine zile zile za kupigia muziki? Morogoro zipo, Dar zipo, hapa Ifakara zipo. Kwani hakuna nyingine?" Nyingine zipo, tena baadhi ni nzuri kuliko hizo. Huwa nawajibu kwa utani kwamba wenye klabu ni kama kondoo, mmoja akiruka na wengine wanaruka. Leo nitawajibu kweli. Ila mjue mapema kwamba ndani ya jibu hilo yumo binti aliyefukuzwa kazi kwa kosa langu, na mimi nilikuwa pale pale, nimeinamisha kichwa, akiondoka.

Jina la Kambale nilipewa na wenye kumbi, kwa sababu kila waliponishika niliteleza. Nimepiga muziki na kufunga mitambo kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilijiona mimi ndiye umeme wenyewe.

Nilianza na kaseti. Ukitaka kurudisha wimbo mwanzo unazungusha kwa kalamu, usimalize betri. Daraja la kuvuka mto halikuwapo wakati huo. Kwenda kupiga harusi Lupiro baada ya mavuno ilikuwa lazima tuvuke pale Kivukoni, na kivuko kikiharibika tunapanda mtumbwi, spika zimefungwa kwenye baiskeli, baiskeli imelazwa, na mimi nimekumbatia amplifaya kama mtoto mchanga. Siku moja nilichoka kuikumbatia nikaiweka chini, kwenye maji yaliyokuwa yamejikusanya ndani ya mtumbwi. Mwenye mtumbwi akaniambia, "Mjomba, redio yako inaoga." Tuliianika siku mbili kwenye mkeka, pembeni ya mpunga. Ilikuja kuwaka, lakini kila ikipata moto ilinuka perege, na bibi harusi mmoja aligoma kukaa karibu nayo.

Aliyeifufua ni Fundi Ngonyani, mtengeneza redio wa pale sokoni, mtu mfupi, mkali, asiyependa salamu ndefu. Ndiye aliyenifundisha kuunga waya. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi sana: kila alichofungua alikiandika. Waya huu unatoka wapi, unakwenda wapi, anaandika kwa kalamu kwenye plasta ya kubandika vidonda, kisha anaibandika palepale.

Nikamwuliza, "Fundi, ukiwaandikia hivi si watajitengenezea wenyewe?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kifaa unachokijua peke yako si kifaa, ni hirizi. Siku ukiumwa, nani ataivaa?"

Nilicheka. Nilimwona mzee asiyejua biashara.

Miaka mingi baadaye, kaseti zimeshakufa na CD nazo zinaelekea huko huko, nilikuwa DJ na fundi wa ukumbi wa Mama Shani. Nilifanya kazi kwake muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mama Shani alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Sikukuu moja alimleta DJ kutoka Dar. Kijana akashuka kwenye basi na begi dogo mgongoni. Nikamwuliza vyombo viko wapi, akanionyesha flashi mbili na hedfoni. Alijua atakuta zile mashine mbili na miksa katikati, hizo hizo mnazoniuliza, kama vile mtu anavyokwenda kula ugenini bila kubeba sahani. Alipouona mtambo wangu, ambao nusu yake nilikuwa nimeuunganisha kwa mikono yangu, aliuliza kwa adabu, "Mzee, hapa mtu anaanzia wapi?"

Hakupiga. Nilipiga mimi, watu wakacheza, na nikatamba wiki nzima kwamba mtoto wa mjini hana lolote.

Kumbe yule kijana alikuwa amenipa jibu la swali lenu na sikulisikia. Mashine zile hazikuenea kwa sababu zina sauti tamu kupita zote. Zimeenea kwa sababu mkono wa mgeni unazijua. Kitufe cha kuanzisha wimbo kiko chini kushoto, kikubwa, hata uwe na jasho na giza hukikosi. Vishikio vya kupandisha sauti viko katikati. Maiki iko kona ya juu kushoto. Moja ikiharibika, fundi wa Morogoro anayo spea, kwa sababu ameshafungua nyingi za aina hiyo hiyo. Na mwenye ukumbi akigombana na DJ wake asubuhi, jioni anamwita mwingine na kazi inaendelea.

Hiyo ya mwisho niliielewa haraka sana, na ilininyima usingizi. Maana baada ya yule kijana kuondoka, Mama Shani aliniita.

"Kambale, hizo mashine wanazotumia wenzetu, tukizinunua?"

"Mama, zile ni za mjini," nikamwambia. "Huku vumbi la pumba za mpunga litaziua kabla ya mwezi kuisha."

Uongo mtupu. Zinavumilia vumbi kuliko mimi. Lakini Mama Shani aliniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wiki hiyo hiyo nilijifungia ukumbini mchana, na kisu na kipande cha msasa. Nilikwangua maandishi yote kwenye miksa yangu. Yote. Ikabaki sahani ya bati yenye vitufe visivyo na jina. Kisha nikahamisha nyaya. Muziki nikauchomeka mahali pengine, maiki nikaipeleka mwisho kabisa, na ile kona ya juu kushoto, ambako kila mpiga muziki duniani angetafuta maiki, nikachomeka kifaa cha mwangwi, kile kinachorudiarudia sauti. Ukikifungua bila kushusha kwanza kishikio fulani ninachokijua mimi, spika zinapiga yowe la kupasua masikio. Ulikuwa mtego, nao uliwahi kunasa. DJ mmoja wa Mahenge alikuja kujaribu bahati yake, akagusa kona ile, spika zikalia akaruka hadi kofia ikamwanguka. Ukumbi mzima ulicheka. Mama Shani akasema, "Basi, mwachieni Kambale mtambo wake." Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ifakara.

Sasa nifike kwa Sabina.

Sabina alikuwa mkata tiketi wetu, binti wa Lupiro, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kabla ya hapo alikaa Morogoro kwa kaka yake anayepiga muziki klabu, na alikuwa amejifunza kwenye zile mashine za kawaida. Aliniomba mara tatu nimfundishe mtambo wangu. "Baba, nionyeshe tu siku moja, nitakuwa nakushika mkono ukichoka." Mara zote tatu nilimwambia, "Binti, kata tiketi."

Jumatatu ya Pasaka tulikuwa na disko toto. Mnajua wenyewe disko toto: sikukuu, mchana kweupe, watoto wamevaa nguo mpya, wanaingia kucheza muziki bila wazazi. Lakini sikieni kwanza ukumbi wetu ulivyokuwa. Madirisha tuliyafunika kwa vitambaa vyeusi ili zile taa za rangi zionekane mchana. Mlango wa nyuma tuliufunga kwa kufuli, kwa sababu kuna watoto walikuwa wanapenya bila tiketi. Ukabaki mlango mmoja mbele, wenye mabawa mawili, bawa moja limepigwa komeo ili tiketi zikatwe vizuri, na mlango wenyewe unafungukia ndani. Tulikuwa watu wazima watano pale na hakuna hata mmoja aliyeutazama akauona.

Mjukuu wangu Eva alikuwa ndani. Miaka saba, gauni la njano, viatu vyenye kengele ndogo alivyolilia mwezi mzima.

Umeme ulikatika wakati ukumbi umejaa kabisa. Giza, muziki kimya, watoto wakapiga kelele, zile za kufurahi bado. Mtu wa jenereta alikuwa amekwenda kula. Nikamwita Sabina kutoka mlangoni, nikamsimamisha mbele ya mtambo. "Simama hapa, watoto wasiniharibie. Usiguse kitu." Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwambia afunge nyuma yangu, nikatoka mbio kuwasha jenereta.

Jenereta liliwaka mara ya tatu. Lilikohoa kwanza, likatema moshi mweusi, na upepo ukauchukua moshi wote ukauingiza ndani kupitia dirisha la jukwaani, lililokuwa wazi nusu.

Taa ndani zilirudi. Muziki haukurudi, kwa sababu mashine yangu ilihitaji kuanzishwa upya kwa namna niliyoijua mimi. Watoto wakaanza kukohoa. Halafu nikasikia sauti ya mtoto mmoja, nyembamba, inasema, "Moto!"

Mimi niko nje. Nikagonga mlango wa nyuma, hakuna anayesikia. Nikaipindua ndoo ya maji iliyokuwa pale, nikapanda juu yake, nikachungulia dirishani, nikafunua kitambaa. Sabina alikuwa anatazama watoto walivyoanza kusogea kuelekea mlangoni. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alichukua maiki ili awatulize, na mkono wake ukaenda kona ya juu kushoto.

"Sabina, usi..."

Spika zikapiga yowe.

Vijana, nimesikia sauti nyingi kwenye kazi hii. Ile siisahau. Watoto walidhani ukumbi unapasuka. Wakakimbia wote kwa mara moja, kwenye mlango mmoja, wenye bawa moja, unaofungukia ndani. Wa mbele wakaubana mlango kwa miili yao wenyewe ukajifunga. Wa nyuma hawakujua, wakaendelea kusukuma.

Nilipiga kelele dirishani, "Kishikio cha nne! Shusha cha nne, halafu pandisha cha mwisho!" Sabina aligeuka kunitazama. Niliona midomo yake inasema, "Kipi?" Cha nne kutoka wapi? Hakuna namba. Hakuna jina. Hakuna hata doa la rangi. Vidole vyake vinapita juu ya vishikio kumi na viwili vinavyofanana, anajaribu kimoja, yowe linazidi, anajaribu kingine, na kule mlangoni kelele za watoto zimeshabadilika. Mtu yeyote aliyelea mtoto anaijua tofauti ya kelele hizo.

Nilivunja kioo kwa kiwiko. Sijui mwili huu ulipitaje katika dirisha lile. Kovu ninalo hadi leo, mkitaka nitawaonyesha. Niliangukia juu ya spika, nikamsukuma Sabina pembeni, nikashusha cha nne, nikapandisha cha mwisho, yowe likakata. Nikashika maiki na kusema kitu cha kwanza kilichonijia kichwani.

"Watoto! Kaeni chini! Anayekaa chini anapewa soda! Aliyesimama hapati!"

Nyuma kabisa mtoto mmoja akakaa. Halafu wawili. Halafu kama mpunga unapolala kwa upepo, wakakaa safu kwa safu kuelekea mlangoni, wengine wanalia wamekaa, na shinikizo likalegea. Mama Shani alikuwa nje anasukuma mlango kwa bega, sasa ukafunguka.

Waliokuwa mbele walitolewa mmoja mmoja. Kuna mtoto aliyemwagiwa maji kwa muda mrefu, sisi wote tumepiga magoti, mpaka alipofumbua macho na kumwita mama yake. Hakufa mtu. Nasema mapema ili msinitazame hivyo. Eva wangu alikuwa chini ya wenzake wanne. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Hakulia. Aliniuliza tu, "Babu, viatu vyangu viko wapi?"

Jioni ile, baada ya hospitali, Mama Shani alitukusanya ukumbini. Sakafu imejaa viatu vidogo. Wazazi wamesimama mlangoni.

"Nani aligusa mtambo?" akauliza.

"Mimi, mama," Sabina akasema. "Nilitaka kuwatuliza kwa maiki. Niliifungua pale inapokuwaga..."

"Uliambiwa uguse?"

"Niliambiwa nisiguse."

"Basi toka. Usirudi tena hapa."

Sabina akanitazama. Nilijua anasubiri. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja. Mama, huyu hakukosea, ni mimi niliyehamisha maiki. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikainama nikaanza kukunja waya. Nilikunja vizuri, duara kwa duara, kama Fundi Ngonyani alivyonifundisha, mpaka niliposikia hatua zake zinatoka nje.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Nilisifiwa. Nikawa mzee aliyepita dirishani. Wazazi waliniletea kuku, wengine mchele wa mavuno mapya. Kanisani niliombewa. Na kila aliyenishika mkono alimalizia kwa kusema, "Yule binti naye, kiherehere kimemponza." Nami nilikula kuku wao. Niliona aibu, na aibu yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.

Mlango uligeuzwa ukafungukia nje, na Mama Shani akanunua zile mashine za kawaida bila kuniuliza. Mtambo wangu niliubeba mwenyewe, nikautupa shimoni nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza nilipogusa mashine mpya, mkono wangu ulikwenda kona ya juu kushoto, nikasema "Halo," na ukumbi ukanisikia. Nililia mbele ya mafundi wa Morogoro waliokuja kuzifunga, nikasingizia vumbi.

Nilistaafu. Miaka ikapita. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifua kilianza kunibana mwaka jana, nikaogopa kwenda na siri hii. Nikapanda bodaboda hadi Lupiro. Daraja limetufupishia safari ile. Kabla sijamaliza kupanga maneno nilikuwa nimeshafika.

Nilimkuta Sabina nje ya nyumba yake. Anakodisha muziki wa harusi sasa, anasifika upande wote ule wa mto. Alikuwa anasafisha vyombo. Mashine mbili na miksa katikati. Zile zile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

Nilikataa kukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, kisu, msasa, nyaya, kona ile, waya niliokunja. Alinisikiliza huku anapangusa vitufe kwa kitambaa. Nilipomaliza aliweka kitambaa chini.

"Nilijua, baba," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Taa ziliporudi niliona mikwaruzo ya kisu. Mtu hakwangui vile kwa bahati mbaya."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angenisikiliza? Wewe umepita dirishani, mimi mkata tiketi. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe. Nikangoja."

Niliomba msamaha, nikataka kupiga magoti. Akanishika mkono.

"Usifanye hivyo, baba, wewe ni mzazi wangu. Mimi nilikusamehe zamani. Lakini mimi najua na wewe unajua. Wasiojua ni wao. Mama yangu amekufa anaamini mwanawe nusura aue watoto wa watu. Usiniambie mimi. Waambie wao."

Kwa hiyo nawaambia. Nilianza na Mama Shani, ambaye hajanijibu salamu tangu siku hiyo, na ana haki. Nikafuata wazazi, nyumba kwa nyumba. Eva nilimwambia mwenyewe. Amekuwa msichana mkubwa, mkono wake haunyooki wote. Aliniuliza swali moja tu: "Babu, sasa kwa nini hukuandika?"

Na ninyi mliouliza kuhusu mashine, mkifika kwenye mtambo wowote, wenu au wa watu, mkikuta kitu hakina jina, kiandikeni. Plasta na kalamu vinatosha. Na mkisikia mtu hapa mjini bado anasema kuna binti aliyegusa asichokijua siku ile ya Pasaka, mjibuni kwamba mzee Kambale ametamka kwa mdomo wake: Sabina hakukosea. Aliweka mkono mahali maiki ilipotakiwa kuwa.